Usingizi wa Gogo

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama mbele ya tanuri ukimfokea mtu, maana siku usiyofoka ndiyo siku ya kuitiwa daktari. Huku hatujambo. Mama hajambo, ila macho yanazidi kumsumbua. Siku hizi kila kitu ananipa mimi nimsomee, hata maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai, na nikiruka neno ananishika.

Nimehamia nyumba iliyo karibu na hospitali. Dirisha la jikoni linatazamana na duka la mikate. Mikate yenyewe ni ya kiwandani, ukiibonyeza hairudi, lakini asubuhi harufu yake hunitoa machozi, sikufichi. Naona chumba cha unga, naona magunia niliyokuwa nakalia, namwona Baba anakwangua beseni la kukandia huku akiimba wimbo anaoujua nusu, na wewe unamwambia aimbe vizuri au anyamaze unga usije ukakataa kuumuka. Nimekumbuka hata jinsi mlivyoniita Kijiko kwa sababu ya kulamba kila kijiko kilichoachwa wazi. Hapa kazini naitwa Sista na wakubwa kwa wadogo. Hakuna anayejua kuwa mimi ni Kijiko.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Unajua nimerudi darasani kwa muda kuongeza ujuzi wa kazi hii ya kutoa usingizi. Tulikuwa tunafundishwa juu ya sindano za kulegeza misuli, zile anazopigwa mgonjwa akishalala ili mpira wa hewa uingie kooni bila vita na daktari apasue tumbo lisilokaza. Ipo moja ambayo kwa watu wengi huisha upesi sana, kwa kuwa damu yenyewe huivunja. Mkufunzi akatutoa damu tujipime kama miili yetu inaweza kuivunja. Wenzangu wote sawa. Yangu imekuja nusu. Akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kupasuliwa akachelewa kuamka.

Nikacheka. Nikawasimulia jinsi Baba alivyopasuliwa kidole tumbo asubuhi akalala mpaka taa zinawashwa, na jinsi mlivyompa jina la Gogo tangu siku hiyo. Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi na watu hucheka mpaka basi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Shangazi, siku ile ilikuwaje hasa? Na lile tumbo lako? Uliniambia hospitali wameona vijiwe kwenye mfuko wa nyongo na wanataka kukupasua. Umepewa tarehe?

Mimi binti yako,
Kijiko

1 Machi

Kijiko,

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai kwenye bahasha, sijui ni chai yako au ya posta. Usiniambie tena habari za simu. Mashine ya kukandia ikiwaka sisikii hata mawazo yangu, na sauti yako kwenye simu hukatika kila ninapoanza kukuelewa.

Hapa kazi zinakwenda. Tanuri la zamani limepasuka mlango, fundi amelitia kiraka cha chuma, sasa linaonekana kama mzee aliyeng'olewa jino la mbele. Nimepata msaidizi mpya wa trei, mtu mzima na akili zake, ila anainong'oneza mikate kana kwamba ni wagonjwa wako. Kile chumba cha unga nimekipaka chokaa. Pale ulipokuwa unakaa nimeacha magunia mawili, si kwa ajili yako, usije ukajiona, ni kwa ajili ya miguu yangu.

Eti mnatoana damu darasani. Mimi nilidhani umekwenda kusoma. Ukoo wetu ni wa usingizi tangu zamani, na wewe ukaona haitoshi ukaenda kuusomea cheti. Baba yako alipasuliwa, akalala, akaamka. Mtu akichoka analala. Sina la kuongeza hapo.

Tarehe nilipewa. Nimewarudishia. Nimewaambia nina oda za mikate za kumaliza, wakasema vijiwe havingoji oda, nikawaambia basi vimekosa adabu. Nikiacha mafuta tumbo linatulia, na mafuta nimeyaacha, karibu yote.

Halafu nimeona ulivyoandika. Umeandika "Mama hajambo." Hukuandika "Mama anakusalimu." Najua kusoma. Mwambie wifi yangu mimi ninamsalimu, akitaka apokee, asipotaka aiache mlangoni.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Salamu zako nimemfikishia Mama. Alisema "Haya." Ni neno moja, lakini kwa Mama na wewe ni hotuba.

Umenipiga chenga, na mimi umenilea mwenyewe, chenga zako nazijua. Kwa hiyo nitakueleza kazi yangu uone kwa nini nauliza.

Watu wengi wanadhani usingizi wa operesheni na kulegea ni kitu kimoja. Ni dawa mbili. Moja inazima taa ndani ya nyumba, ya pili inafunga milango yote. Taa ikiwaka tena kabla milango haijafunguliwa, mwenye nyumba yumo ndani, macho, anasikia kila kitu, na hawezi hata kupepesa jicho. Kifua nacho ni misuli, hakipumui. Usoni anaonekana amelala fofofo.

Sindano yenyewe si adui. Bila hiyo watu wengi ninaowaona wakirudi nyumbani wasingerudi. Ila ina masharti. Kila bomba tunalibandika jina lake, na za kulegeza misuli zinakaa trei yake peke yake, asije mtu akachukua moja akidhani ni nyingine. Mfuko wa kumpumulisha mgonjwa uko karibu na mkono kabla ya kitu chochote. Dawa ya usingizi haizimwi mpaka tujue misuli imerudi, na hatukisii kwa kumtazama uso. Tuna kifaa kidogo kinachogusa neva ya mkono kwa umeme kidogo sana, kidole gumba kinaruka mara nne. Kikiruka mara nne kwa nguvu ileile ndipo tunamwamsha. Na wakati wote tunazungumza naye. Mkufunzi wetu anasema hakuna anayejua kwa hakika nani yuko macho, kwa hiyo usimwache mtu peke yake na ukimya.

Mtu ambaye damu yake haiwezi kuivunja ile ya upesi, kwake itakaa saa nyingi. Ni jambo la ukoo. Yangu ikiwa nusu, nimeipata kutoka kwa mzazi, na ndugu wa mzazi huyo anaweza kuwa nayo nzima. Ndugu wa Baba ni wewe peke yako. Nenda ukatolewe damu, Shangazi, kabla hujapasuliwa.

La pili ninaliandika nikijiuma midomo. Unakumbuka Jumamosi nilivyokuwa napeleka mkate kwa yule muuguzi tuliyemwita Sista? Baba aliuchagua mwenyewe, akaugonga chini kwa kidole akiusikiliza, akaufunga kwenye kitambaa safi. Niliubeba kifuani ukiwa wa moto mpaka gauni linaloa jasho. Sista alifungua mlango akiwa na ndala zake miguuni, akaunusa mkate, kisha akaniuliza neno lilelile kila Jumamosi. Watu wote huuliza "Baba hajambo?" Yeye aliuliza, "Baba anapumua?" Nami nilijibu, "Anapumua." Nilidhani ndivyo wanavyosalimiana kwao. Nikirudi, Mama alikuwa ananiuliza Sista amevaa nini.

Unajua Mama anaamini nini kuhusu mkate ule. Unajua ndiyo sababu hamsalimiani, kwa kuwa anadhani ulikuwa unamfichia kaka yako. Nami niliamini hivyo hivyo nilipokua, na nilimpenda Baba vilevile, kwa moyo mzito. Juzi nikiwa naziandikia majina sindano zangu, mkono ukasimama. Shangazi, Sista alikuwa anafanya kazi chumba gani pale hospitali?

Kijiko

9 Aprili

Kijiko,

Hatujambo. Mikate inauzika. Mvua imeanza na unga unashika unyevu.

Kuhusu Sista usiniulize. Nilikula kiapo, na niliyemwapia hayupo wa kunifungua. Mama yako aamini anachokiamini, amekiamini muda mrefu na kimemzoea.

Damu yangu nina kazi nayo.

Tumbo lilinikamata Jumatatu mpaka nikakaa chini mbele ya wateja. Limepita. Ninakuambia kwa kuwa msaidizi wangu ametishia kukuandikia mwenyewe, na mwandiko wake ni mbaya.

Shangazi

28 Aprili

Shangazi yangu,

Sitakuuliza habari za Sista tena. Kiapo chako ukae nacho.

Nakuuliza habari zako. Uliketi chini mbele ya wateja, wewe, ambaye siku ya mazishi ya Baba ulisimama tangu mwanzo hadi mwisho ukiwagawia watu mikate. Nimesoma mstari huo mara nyingi kuliko barua zako zote. Mfuko wa nyongo ukiwaka moto na kupasuka, hakuna daktari atakayekupa tarehe ya kurudisha. Baba naye ngiri yake ilikuwa inaingia na kutoka, akawa anaisukuma ndani kwa kiganja, anacheka. Tukamwita mwoga wa kisu. Mimi pia nilimwita. Mpaka siku ilipojisokota ikamchukua.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu aliyelala vizuri mpaka jioni, akaamka salama, akaishi miaka yote ile, asikubali kulazwa tena hata kwa operesheni ndogo. Nadhani nimepata jibu. Sihitaji unijibu. Nataka tu ujue kwamba sikuoni mwoga. Unaogopa kitu cha kweli, na kitu cha kweli kina dawa. Niruhusu nikuhangaikie kama ulivyonihangaikia nilipokuwa na surua, ukalala sakafuni kando ya kitanda changu na aproni yako ya unga.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu nikiwa mtoto.

Kijiko wako

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii umesahau kuniamkia, na nimekusamehe kwa sababu ulikuwa unalia, karatasi inaonyesha.

Nimekawia. Nimeandika barua hii mara kadhaa na kuitumia kuwashia tanuri. Natumaini nyote ni wazima. Hapa tu wazima.

Nimefikiri hivi: kaka yangu aliniapisha ili kumlinda mtu asiumie. Kama kiapo sasa kinaumiza watu wawili na kinataka kumzika wa tatu, basi hata yeye angenifungua. Kwa hiyo sikiliza.

Aliniambia ngiri ilipoanza kumsumbua. Nilikuwa nimemtania mbele ya wauza mikate, nikasema Gogo anaogopa kisu kama kuku. Alinivuta chumba cha unga akafunga mlango. Hakuwa na hasira. Aliniambia, "Dada, mimi sikulala."

Alisema mwanzo alilala, hilo ni kweli. Akazinduka akasikia sauti za vyuma vinatupwa kwenye beseni, na daktari anasema tumemaliza, anavua glavu. Akataka kuuliza kama wamemaliza vizuri. Mdomo haukumtii. Akataka kufumbua macho, hayakumtii. Akataka kuvuta pumzi akakuta pumzi inaingia yenyewe, haimngoji yeye. Akadhani amekufa, na kwamba ndivyo watu wanavyokufa, wanabaki wanasikia. Aliniambia alimsikia mtu akisema huyu bado hajarudi, na wengine wakaulizana kwa sauti za chini, na kwa jinsi walivyoulizana akajua nao hawajui.

Ndipo Sista aliposema naye. Ndiyo, Sista alikuwa chumba cha upasuaji, kama unavyodhani. Ndiye aliyekuwa na ule mfuko wa hewa mkononi. Alimwinamia sikioni akamwambia, "Sijui kama unanisikia. Kama unanisikia, usiogope. Hupumui, lakini mimi napumua kwa ajili yako. Siendi popote."

Na hakwenda. Alibadilisha mikono tu. Walikuja kumpokea akakataa. Mchana wote alimsimulia habari za kwake, paa linalovuja, jirani aliyemwazima sufuria akairudisha bila mfuniko, namna anavyopenda mkate ulioungua chini kidogo. Kaka yangu alisema alizishika hadithi hizo moja moja kama mtu anayepanda ngazi gizani. Jioni kidole kimoja kikatikisika. Sista ndiye aliyekiona. Alilia, na alipolia chozi likamwangukia kaka yangu shingoni, naye akalisikia linateremka na hakuweza kulifuta.

Alipoweza kusema, sisi tulikuwa tumeshajaa mlangoni tunacheka. Mimi ndiye niliyesema amelala kama gogo. Mama yako alicheka zaidi ya wote kwa sababu alikuwa amekaa roho mkononi tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali, na alifanya vema, kidole tumbo kingemwua. Kaka yangu akamtazama anavyocheka, akaona akimwambia ukweli hatajisamehe kwa kumpeleka. Akacheka naye. Akalichukua jina la Gogo akalivaa maisha yake yote.

Mkate ulikuwa shukrani. Alitaka uwe umeungua chini kidogo. Ndiyo maana aliugonga na kuusikiliza.

Alipotaka kupasuliwa ngiri alimwuliza daktari wa wakati huo kama mambo yale yanaweza kumpata tena. Daktari akamjibu kwa ukweli kwamba hata yaliyompata mwanzo hajui yalikuwa nini. Sista alikuwa ameshahamishwa, hakuna aliyejua wapi. Basi akabaki na kiganja chake.

Sasa unajua ninachokiogopa. Vijiwe siviogopi wala kisu sikiogopi. Naogopa kuwa mle ndani na milango imefungwa, kama ulivyosema. Mimi ni mtu wa kufoka, Kijiko. Nikizuiwa mdomo na mikono nitabaki na nini?

Damu nimekwenda kutoa. Msichana wa maabara aliniambia nilegeze mkono. Nilimwambia neno hilo asilitumie kwangu.

Kuhusu mama yako, amua mwenyewe.

Shangazi yako

22 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nakushukuru. Sitaandika zaidi juu ya barua yako, maana kila nikianza herufi zinaloa. Nimempata Baba upya, na nimempoteza upya, kwa siku moja.

Majibu ya damu yako yametumwa kwangu kama nilivyoomba. Damu yako ni kama ya Baba. Huna kabisa kile kitu kinachoivunja ile sindano ya upesi. Usiogope kusoma sentensi hiyo, ndiyo sentensi bora niliyopata kukuandikia. Jambo linalojulikana tunalizunguka.

Nimezungumza na mtaalamu wa usingizi wa hospitali yenu. Ni mtu wa sauti ya chini na mwenye kurudia maneno, nimempenda. Jalada lako limeandikwa juu kwa wino mwekundu: sindano ile asipewe kamwe. Atatumia nyingine, ambayo mwili wako unaiondoa kwa njia tofauti, na ambayo ina dawa yake ya kuitengua. Dawa hiyo itakuwa mezani imeshaandaliwa kabla hujalala. Kidole gumba chako kitapimwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Hutaamshwa mpaka kiruke mara nne sawasawa. Nimemwambia wewe ni mtu wa kufoka na atarajie kufokewa mapema, akasema akifokewa atajua kazi imekwenda vizuri.

Ningekuja siku uliyopangiwa kupasuliwa. Nimeomba ruhusa nimenyimwa, mitihani yangu iko wiki hiyohiyo. Nimekasirika mpaka nimevunja sahani, kwa bahati ilikuwa ya kwangu.

Kuhusu Mama. Barua yako ilipofika aliniambia nimsomee. Kwa kawaida nachagua mistari. Safari hii sikuruka neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Yaliyofuata sitayaandika.

Ila leo asubuhi hayupo. Hakuniaga vizuri. Amechukua mkoba, miwani isiyomsaidia na shuka mbili nzuri. Nilipomwuliza anakwenda wapi alisema mtu mzima haulizwi. Ninaomba kama atafika kwako usimfokee siku ya kwanza.

Kijiko

19 Julai

Kijiko mwanangu,

Marahaba. Mkono wangu bado mzito kidogo lakini ni wangu, unaandika ninachouambia.

Nimepasuliwa na nimepona. Nakuambia mapema usije ukaruka mistari kama unavyomrukia mama yako. Vijiwe wamenipa kwenye kichupa. Ni vidogo, sikutarajia. Kwa jinsi vilivyonitesa nilidhani vitakuwa kama mawe ya kujengea.

Yule mtu wako wa sauti ya chini alinieleza kila kitu upya nikiwa nimelala kitandani, akanionyesha mabomba yake na majina yaliyobandikwa, nikayasoma yote kwa sauti kama mtoto wa shule. Akanishika mkono kunibandika kile kifaa cha kidole.  Nikamwuliza, kama nikizinduka kabla ya wakati? Akaniambia, "Mama, mimi nitakuwa hapa nazungumza na wewe mpaka utakaponijibu." Kisha akaniuliza siri ya mkate usiopasuka juu. Nikaanza kumweleza habari ya kuufunika unga usipigwe na upepo. Sikumaliza. Nilipoendelea, nilikuwa chumba kingine na kila kitu kimekwisha.

Mwanangu, katikati hapakuwa na kitu. Sikusikia chuma wala glavu. Sikuota. Nilipoelewa kwamba nimelala kweli, nilimlilia kaka yangu kama vile amekufa siku hiyo, maana ni usingizi huo tu aliokuwa anauhitaji, na wakati wake hakuwepo mtu wa kumhakikishia.

Mama yako alikuwa amekaa kando ya kitanda.

Alifika siku mbili kabla. Nilimkuta mlangoni na mkoba wake, tukatazamana kama wadai. Sikumfokea, ingawa alinikuta nimevaa aproni chafu na akaiangalia. Alitandika shuka zake kwenye kitanda changu, mimi akaniambia zangu zimechoka. Siku hizo mbili tulizungumza juu ya bei ya unga. Jina la kaka yangu halikutajwa, hata alipopita mbele ya kile chumba cha unga akasimama.

Baada ya operesheni, nilipokuwa nimetulia, alisogeza kiti. Aliniuliza jambo moja tu, "Kwa nini Gogo alikuambia wewe asiniambie mimi?" Nikamwambia, "Alikuonea huruma, ulikuwa umecheka kwa furaha." Akarudisha kiti nyuma. Nikadhani ndiyo mwisho.

Kisha akaniambia jambo nisilolijua, wala wewe hulijui, kwa sababu ni la chumbani kwao. Tangu operesheni ile, kaka yangu alikuwa hawezi kulala bila kuchezesha vidole vya miguu. Kila usiku, chini ya shuka, vidole vinakwenda na kurudi, vinakwenda na kurudi, mpaka usingizi umchukue. Akishtuka usingizini vinaanza tena. Mama yako ni mtu wa usingizi mwepesi. Alikuwa anampiga teke, anamgombeza, mwishowe akamtandikia kitanda chake peke yake upande wa pili wa chumba.

"Miaka yote ile, wifi," alisema. "Miaka yote ile nilikuwa namwambia atulie."

 Nilichezesha vidole vya miguu yangu chini ya shuka, polepole, maana kidonda kilikuwa kinauma. Macho yake hayaoni vizuri, lakini shuka aliiona inavyotikisika. Akaingiza mkono akavishika. Akakaa navyo hivyo mpaka muuguzi alipokuja kunipima presha.

Mama yako anakusalimu.

Shangazi yako